Mkalimani Aliyesajiliwa

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Watu wanaonifahamu hapa Karatu walizoea kusema mimi ni mpole ofisini na mkali barabarani, kwa kuwa wameniona nikigombana na madereva wa watalii wanaotumwagia vumbi njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Sasa nimekuwa mkali kila mahali. Kuna neno moja nikilisikia tu damu inachemka, nalo ni mfumo. Mfumo umekataa. Mfumo hauruhusu. Tusubiri mfumo ufunguke. Nimeishi na watoto wenye ulemavu karibu maisha yangu yote ya kazi, na sijakutana na mtoto mzito wa kuelewa kama huo mfumo.

Kwa wasioijua kazi yangu, mimi ni mwanasaikolojia wa shule. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe ni ya kukaa kwenye kigoda. Mtoto akionekana hasemi, hasikii, hashiki masomo au anaanguka, nilikuwa naitwa kumpima na kusema asome wapi na asomeshwe vipi. Nilipima watoto wa Mbulumbulu, ambako ndiko nyumbani, watoto wa vibarua wa mashamba ya kahawa ya Oldeani, na watoto wa wafugaji kutoka ng'ambo ya geti la Ngorongoro, maana shule yenye kitengo cha elimu maalumu na bweni iko huku kwetu. Nilikuwa nawafuata majumbani. Nakaa na mama, nakunywa chai yake, namwangalia mtoto anavyoshika kikombe na anavyogombana na wenzake. Maswali yangu yalijipenyeza yenyewe katikati ya maongezi. Hakuna mama anayekueleza alivyojifungua kabla hajakujua wewe ni mtu wa namna gani, na kulijua hilo hakuhitaji shahada.

Kisha zikaja kanuni mpya. Nikisema zote zilikuwa mbaya nitakuwa mwongo. Zilisema kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kupimwa kabla hajapangiwa darasa, na apimwe kwa namna moja na wenzake wote, ili asiachwe nje eti kwa sababu mwalimu mkuu hampendi, wala asiingizwe kwa sababu mjomba wake anajuana na mtu. Nilipozisoma mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu ofisini. Nilipofika kwenye kurasa za utekelezaji, mikono ikashuka. Mtoto apimwe kituoni, si nyumbani. Wapimaji wawe wawili, mmoja atoke nje ya eneo. Majibu yaingizwe kwenye kishikwambi hapo hapo na mfumo ndio utoe uamuzi, maoni ya mpimaji yabaki kuwa maoni. Mkalimani asiwe ndugu wa mtoto, awe mtumishi wa umma aliyesajiliwa. Na watoto waliopimwa kwa utaratibu wa zamani wapimwe upya, wote.

Wote! Yaani kila nyumba niliyoingia, kila kikombe nilichokunywa, kila mama aliyenifungulia moyo, vilifutwa kwa sentensi moja. Mimi niliyesomea kusikiliza watu nikageuzwa msomaji wa maswali. Mtoto mmoja wa kibarua kutoka Singida mfumo ulimtema kwa sababu baba yake hana makazi ya kudumu, kana kwamba watu huja kuvuna kahawa Oldeani wakiwa na nyumba zao mgongoni. Yule tulimpigania akapata. Ninayetaka kumsimulia hapa ni mwingine, na huyu ndiye aliyenifanya nisilale vizuri.

Ni msichana wa nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa Nainokanoka, ambako ukungu ukishuka asubuhi huoni hata ng'ombe uliyemshika mkia. Alikuwa na miaka kama tisa. Mkono wake wa kulia umejikunja, mguu wa kulia anauburuza kidogo, na maneno yake hutoka yamebanana kiasi kwamba mgeni hapati kitu. Ila kichwani yuko sawasawa. Ukisema utani, yeye ndiye anayecheka wa kwanza. Matroni wa bweni alikuwa akimtegemea kugawa masweta yaliyofuliwa, kwa sababu yote ni ya rangi moja na yeye peke yake alijua lipi la nani, hata ukimvizia. Alifika kwetu hajui herufi. Akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na kusoma akasoma, tena kwa fujo, akisoma kila kitu: mifuko ya unga, mabango ya hoteli, maandishi ya kwenye matairi ya akiba ya magari ya watalii.

Alichonacho ni mtindio wa ubongo, ule unaobana viungo na ulimi bila kugusa akili, uliotokana na shida alipokuwa akizaliwa. Nililijua hilo kwa sababu nilikwenda kwao. Mama yake alinieleza ndani ya nyumba yake, moto unawaka, tukiwa wanawake peke yetu, na wifi yake aliyesoma hadi darasa la saba akatufasiria. Kimasai changu mimi ni cha kununulia maziwa. Kadi ya kliniki haikuwepo, kwa kuwa mtoto alizaliwa nyumbani. Kulikuwa na maneno ya mama tu, na maneno yale yalitosha.

Kwa kanuni mpya, mtoto wa namna hii ana nafasi mbili. Mfumo ukisema ni mtindio wa ubongo, anabaki kitengoni. Ukisema ana ulemavu mkubwa wa akili, kitengo hakiruhusiwi kumpokea, inabidi apelekwe kituo maalumu cha mkoa mwingine, mbali, ambacho kila mtu anajua hakina nafasi. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida ni kwamba anarudi nyumbani na hatarudi tena shule. Na kinachotenganisha nafasi hizo mbili ni historia ya kuzaliwa, ithibitishwe kwa kadi ya kliniki au kwa maelezo ya mzazi.

Wifi hakuruhusiwa kufasiri, kwa kuwa ni shangazi wa mtoto. Nikaenda kwa bosi wangu kuomba mkalimani, nikasisitiza awe mwanamke. Siku mbili baadaye akaniita huku anatabasamu.

"Madam, usiwe na wasiwasi. Nimekupatia Mmasai safi kabisa. Afisa mifugo, karibu anastaafu. Kimasai anakijua hadi cha babu zake."

"Mkuu, niliomba mwanamke."

"Mwanamke aliyesajiliwa hayupo. Wewe unataka lugha au unataka jinsia?"

Kwake yeye Mmasai ni Mmasai, kama betri ya tochi, yoyote inaingia. Nilimjibu kwamba nataka mtu ambaye mama ataweza kuzungumza mbele yake. Akaniambia kila mtu anaweza kuzungumza mbele ya mtumishi wa umma, na akarudi kwenye simu yake.

Siku ya kupima, mama aliteremka na gari la maziwa, amevaa vizuri, shanga zimepangwa shingoni, akifuatana na wifi yake. Wifi akaambiwa abaki barazani. Ndani tulikuwa mimi, mtoto, mpimaji mwenzangu kutoka mjini, ambaye ni dada mmoja mpole mwenye kishikwambi kipya, na yule mzee afisa mifugo. Mama alipomwona mzee aliinamisha kichwa, kama wanavyoamkia wakubwa, na mzee akamgusa utosini. Wakaanza kuulizana habari. Boma la nani, baba yako nani, baba yako alitahiriwa lini. Nikaona uso wa mzee unabadilika. Akasimama.

"Madam, mimi huyu siwezi kumfasiria," akasema. "Huyu ni mtoto wangu."

Dada wa mjini akainua macho. "Binti yako? Mbona kwenye mfumo haionyeshi?"

"Si wa kumzaa. Baba yake ni rika langu. Tulitahiriwa pamoja."

"Kwa hiyo si ndugu yako."

"Ni mtoto wangu."

"Mzee, samahani, naomba unielewe. Ni ndugu wa damu au si ndugu wa damu?"

"Damu, hapana."

"Basi hakuna kizuizi. Tuendelee."

Hapo nikaingilia. Nilimweleza yule dada, kwa upole niliokuwa nimebakiwa nao, kwamba kwa Wamasai wanaume wa rika moja wanahesabiana watoto, binti wa mmoja ni binti wa wote, na mambo ya uzazi mwanamke hayataji mbele ya baba yake hata kidogo. Nikamwambia hapa tunataka kumuuliza mtu maswali ya chumba cha kujifungulia mbele ya baba yake. Alinisikiliza vizuri, nakiri. Halafu akanigeuzia kishikwambi.

"Dada, angalia mwenyewe. Kumkataa mkalimani kuna sababu tatu. Ndugu wa damu, hajui lugha, au mgonjwa. Nichague ipi?"

"Chagua mgonjwa."

"Mzee, unaumwa?"

"Hapana," akajibu mzee, ambaye masikini ya Mungu hajui kudanganya. "Nashukuru niko mzima."

Nilitamani kumfinya. Tukaendelea.

Chumbani humo kulikuwa na wanawake watatu na mtoto wa kike. Tungefunga mlango tukaweka chai, mambo yangeisha kabla chai haijapoa. Badala yake dada wa mjini akawa anasoma swali refu, lenye maneno ambayo hata mimi ningeona haya kuyasikia kwa baba yangu, kuhusu uchungu, kuhusu maji, kuhusu mtoto alitangulia vipi, na mzee anageukia dirisha, anakohoa, anasema maneno mawili matatu. Kwa Kimasai changu cha maziwa nilielewa kwamba kila swali aliligeuza kuwa, mambo yalikuwa mazuri? Na mama, macho sakafuni, alijibu neno moja.

"Sidai."

Yaani vizuri. Likaja swali lingine, sidai. Lingine, sidai. Mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Sidai. Dada wa mjini akawa anabonyeza kioo, hakuna tatizo, hakuna tatizo, hakuna tatizo.

"Anaficha!" nikasema. "Haya yote si kweli na sisi sote humu tunajua kwa nini."

"Una ushahidi, dada?"

"Aliniambia mwenyewe."

"Kwa utaratibu upi?"

"Utaratibu wa chai."

Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Ikaja zamu ya mtoto. Zana yenyewe ni picha, na mtoto anatakiwa kutaja kila picha kwa kutamka. Kuonyesha kwa kidole hakuhesabiwi. Alizijua zote. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema mwavuli, akisema jokofu, ambalo aliliona kwa mara ya kwanza jikoni mwa shule, akisema meli, ambayo hajawahi kuiona. Lakini dada wa mjini hakusikia kitu zaidi ya sauti, na sheria inasema mpimaji wa nje ndiye anayejaza, tena kwa alichosikia yeye. Alipomaliza akabonyeza tuma. Kioo kikawa chekundu. Mtoto alikuwa amesogea karibu, kama kawaida yake penye maandishi, akaweka kidole cha kushoto kwenye kioo na kuanza kutamka kwa ile sauti yake iliyobanana, polepole, neno kwa neno.

"Anasema nini?" akauliza dada wa mjini.

"Anasoma," nikamwambia. "Anasoma kwamba ana ulemavu mkubwa wa akili."

Yule dada akasema kusoma hakumo kwenye zana hii. Nimelikumbuka jibu hilo mara nyingi, kila mara likiwa jipya. Mtoto anakusomea hukumu yake mwenyewe, na wewe unasema kusoma hakumo!

Nilikwenda kwa bosi moja kwa moja. Nilimwambia huu ni upuuzi, nikalirudia neno hilo mpaka akainuka kufunga mlango. Akasema sheria ni sheria na kwamba yeye mwenyewe anamwonea huruma mtoto. Kisha akanifungulia mlango wa rufaa, na mlango wenyewe ulikuwa hivi. Rufaa hufunguliwa na mzazi, si na mpimaji. Hufunguliwa katika wilaya ya nyumbani, kwa hiyo mama hawezi kuifungulia Karatu, hata kama Karatu ndiyo iliyo jirani, lazima aende Wasso, kwenye ofisi za wilaya ya Ngorongoro. Sababu ya rufaa ni moja, kwamba mzazi anarekebisha maelezo aliyotoa. Na marekebisho hutolewa mbele ya mkalimani yule yule wa kwanza, ili maelezo mawili yaweze kulinganishwa.

"Yule yule?" nikauliza.

"Yule yule. Ni usalama wa taarifa."

Nikamuuliza kama anaelewa anachokisema. Kwamba mwanamke aliyedanganya kwa heshima, ili asimvunjie baba yake heshima, sasa anatakiwa arudi amwambie baba huyo huyo kwamba alidanganya, halafu amweleze lile alilodanganya ili asimweleze. Akanijibu kwamba mimi huwa nayachukulia mambo kibinafsi mno. Ni kweli. Watoto ni watu binafsi, sijui mambo yao ningeyachukulia vipi.

Mtoto ilibidi aondoke bwenini. Nilimrudisha mwenyewe kwa gari la ofisi, na yeye akiwa kiti cha mbele, akinisomea mabango mpaka tulipopita geti, ambako mabango yaliisha na ukungu ukaanza. Alidhani ni likizo. Alikuwa anashangaa kwa nini wenzake hawakupewa.

Nyumbani kwao nilimweleza mama kila kitu, wifi akifasiri, na nilipofika kwenye habari ya mkalimani wifi aliacha kufasiri. Akaniangalia kama niliyetukana. Nikamwambia amwambie tu, haya si maneno yangu. Mama alisikiliza huku anamfungua mtoto kamba za viatu. Mumewe alikuwa mlangoni, na alipoelewa linazungumzwa nini akasema kwa sauti kwamba yeye amekwenda kuangalia ndama na hajasikia chochote, akaondoka. Wifi alinifafanulia baadaye kwamba hiyo ilikuwa ruhusa. Asiyesikia hawezi kukataza.

"Akibaki hapa itakuwaje?" mama akauliza.

Nilimwambia ukweli. Shule ya jirani haina mwalimu wa kumwelewa. Atakaa nyumbani. Atasahau kuandika.

Mama hakujibu siku hiyo, na mimi sikumshawishi. Nilikuwa naona aibu hata kukaa pale. Nilirudi Karatu nikijiambia kwamba hatakwenda, na kwamba mimi ningekuwa yeye nisingekwenda. Alikwenda. Alipanda basi la Wasso na wifi yake, safari ya kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi, wakalala kwa watu wasiowajua, na kule wakapigwa danadana meza hii na meza ile mpaka rufaa ikafunguliwa. Nilipopata taarifa kwamba jina lake limeingia kwenye mfumo nilipaswa kufurahi. Badala yake nilipiga teke kikapu cha taka, katibu muhtasi akachungulia kuona kuna nini.

Siku ya pili ya kupima, huku huku Karatu, ilikuwa siku ya mnada, mji umejaa watu na mbuzi, na wenye maduka karibu na kituo chetu wameweka redio mlangoni. Nilishukuru ile kelele. Mzee afisa mifugo alifika mapema. Alikuwa amekonda. Aliomba akae nje, mlango uwe wazi kidogo, asikie sauti bila kuona uso. Dada wa mjini alisikitika kweli, lakini kamera ya kishikwambi lazima iwaonyeshe mkalimani na mzazi katika chumba kimoja.

"Sheria inasema nimtazame?" mzee akauliza.

Dada akatafuta kwenye mwongozo, akasoma, akarudia. "Haisemi."

Mzee akachukua kiti chake akakigeuza, akakaa akiwa amempa mama mgongo, fimbo kaiweka juu ya mapaja. Mama akakaa akitazama ukuta. Hivyo ndivyo walivyozungumza, baba akiwaambia watu wa mnadani dirishani, na binti akiliambia tangazo la chanjo lililobandikwa ukutani.

Sitaandika alichosema. Nilimsikia mara ya kwanza nyumbani kwake, na mara ya pili nilikuwa sina ujanja. Nyinyi hamna haki nacho. Inatosha mjue kwamba uzazi ulikuwa mgumu na mtoto alichelewa sana kulia. Hayo maneno machache ndiyo sayansi yote iliyotakiwa, ningeweza kuyaandika mwenyewe kwenye kiganja. Lakini zana ina maswali yake na kila swali lazima lijibiwe, na safari hii mzee aliyafasiri yote, bila kuyapunguza, kwa kuwa alijua akipunguza mtoto atapotea. Sauti yake ilikuwa inashuka kadiri alivyoendelea. Kuna mahali ilikatika kabisa.

"Rudia hapo, mzee," akasema dada wa mjini. "Sijasikia."

Akarudia. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, na nilikuwa na hasira na kila mtu, na dada huyo, na bosi, na waliokaa kwenye hoteli fulani yenye viyoyozi wakaandika kwamba ndugu ni damu tu, na nafsi yangu mwenyewe iliyokuwa imekaa pale kitini ikipokea mshahara kwa kazi hiyo.

Kioo kikawa kijani. Mtindio wa ubongo, abaki kitengoni. Dada wa mjini akatoa machozi, nadhani ya furaha, akampa mtoto peremende. Mama alisimama kuaga. Alimwendea mzee na kuinamisha kichwa, kama siku ile ya kwanza. Mzee alikuwa amesimama, fimbo mkononi. Aliuinua ule mkono mwingine kidogo, ukaishia njiani. Akasema jambo kwa sauti ndogo ambalo sikulielewa, akapita pembeni yake, akatoka. Mama akabaki ameinamisha kichwa pale pale mpaka nikamshika bega.

Bosi alikuwa ameshaona matokeo kwenye simu yake. Alitukuta korido, amechangamka, akanipa mkono.

"Unaona, madam? Nilikwambia. Sheria inafanya kazi."

Sikuupokea ule mkono. Nilimuuliza tu maana ya maandishi madogo yaliyokuwa chini ya ule ukijani, ambayo mtoto alikuwa ameanza kuyasoma kabla hatujatoka chumbani. Akasema ni kawaida, matokeo ni ya mwaka mmoja. Mwakani mtoto atapimwa tena, upya, tangu mwanzo, ili mfumo usikae na taarifa za zamani.

Mama na wifi walikuwa wamekaa kwenye ngazi za baraza, mtoto katikati yao, bado anahangaika na karatasi ya peremende kwa mkono mmoja. Nikawaambia. Sikutaka walisikie kwa mtu mwingine. Wifi alifasiri bila kunitazama.

"Maswali yale yale?" mama akauliza.

"Yale yale."

"Mbele ya wazee?"

"Mbele ya yeyote atakayekuwa amesajiliwa."

Mama akaichukua ile peremende, akaifungua kwa meno, akamtia mtoto kinywani. Kisha akamshika kidevu na kumwambia jambo, kwa utulivu, kama anayemwagiza kitu dukani. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza wifi amemwambia nini.

"Amemwambia ajifunze upesi kusema wazi," akasema wifi. "Ili mwakani ajibu mwenyewe."